Udaktari Ufundishwe Kamatanda



Leo sizungumzii ugonjwa. Nazungumzia namna tunavyomfundisha mtu kuwa daktari, na hasa somo moja ambalo katika vyuo vyetu mnalisikia kwa jina la santé publique. Tuliite tiba ya jamii. Ni somo linalomtaka daktari amtazame mgonjwa pamoja na nyumba yake, kazi yake, maji yake na majirani zake. Ninalo neno moja la kusema juu ya somo hilo: ukumbini halifundishiki. Likifundishwa mtaani ndipo linaingia, na mtaa ninaoupendekeza mimi ni Kamatanda, hapa Likasi.

Tumchukue kijana mmoja. Simsemi mtu fulani, maana wako wengi. Ana miaka 17 na anakohoa tangu mwezi wa tatu. Anafika kituo cha afya, anapokewa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, yule mnayemwita stagiaire. Mwanafunzi ana adabu, ana bidii, ana koti jeupe lililopigwa pasi ya makaa. Anauliza: umeanza kukohoa lini? Makohozi yana rangi gani? Kuna damu? Usiku unatoka jasho? Anasikiliza kifua mbele na nyuma, anaandika dawa, na kwenye daftari kubwa anajaza neno: bronkiti. Kijana anameza dawa, anapata nafuu kidogo, anarudi mungoti, yaani mgodini, anashuka shimoni. Mwezi haujaisha, yuko tena kwenye benchi lilelile.

Ukimuuliza profesa wa mwanafunzi yule, atakwambia kazi ameifanya vizuri. Maswali yote aliyofundishwa ameyauliza. Ila lipo moja ambalo halikuingia kinywani mwake: wewe kijana, unafanya kazi gani? Na baada ya hilo yapo mengine: unavuta vumbi la jiwe gani, saa ngapi kwa siku, na zile nguo ukitoka nazo shimoni unazivulia wapi?

Swali la kazi lina umri mkubwa. Mwaka 1700, huko Modena, Italia, daktari na profesa Bernardino Ramazzini alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa yanayotokana na kazi za watu. Aliingia kwenye karakana, akashuka mahali ambapo wenye elimu wa siku zake waliona aibu kukanyaga, akawaambia madaktari wenzake kwamba kwenye maswali waliyorithi toka zama za Hippocrates waongeze moja, la kazi. Na sura ya kwanza ya kitabu chake aliwapa nani? Aliwapa wachimba madini. Miaka zaidi ya 300 imepita, na hapa kwetu, katika jimbo ambalo hata mtoto wa shule ya msingi anajua kutofautisha jiwe la shaba na jiwe la kobalti, swali hilo bado linasahauliwa.

Linasahauliwa kwa sababu ya namna linavyofundishwa. Mnajua hali ya kumbi zetu. Wanafunzi mamia, wengine wamesimama dirishani, profesa anasoma, wao wanaandika. Wanaandika kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Wanaandika vigezo vya maji safi, hatua za kupambana na mlipuko, fomula za kukokotoa vifo vya watoto. Siku ya mtihani wanayatapika yote, na wiki inayofuata wamebaki weupe. Na tuseme ukweli, wasikilizaji: kati yao somo hili lina sifa ya kuwa somo la wale wasiopenda damu. Shujaa ni mpasuaji. Anayehesabu vyoo vya mtaa anachekwa.

Halafu wanapelekwa kwenye mazoezi, na mazoezi ni hospitali: Cliniques Universitaires, Sendwe, hospitali kubwa za Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa tulipo. Kule wanajifunza mengi mema, sibezi. Lakini mgonjwa wanayemwona amekwisha kuvuliwa nguo zake, ameoshwa, amelazwa kwenye shuka. Vumbi lake limebaki nyumbani. Daktari aliyefunzwa kitandani tu anamjua mgonjwa jinsi mtu wa mjini anavyomjua samaki: amemwona kwenye sahani, hajawahi kuuona mto.

Sasa twende mtoni. Twende Kamatanda.

Mtu asiyejua Likasi nimweleze kwa ufupi. Mji huu ulizaliwa na madini, na kwa muda mrefu uliitwa Jadotville, kwa jina la mkubwa wa kampuni ya madini ya Union Minière. Kamatanda iko pembeni ya mji, na ina machimbo ambayo kwa miaka mingi yamefanywa kwa mikono: sururu, nyundo, kamba, magunia. Wanaume wanashuka. Wanawake wanapondaponda, wanapepeta, wanaosha mawe majini, na mtoto yuko mgongoni. Watoto wakubwa kidogo wanaokota mabaki. Gunia linabebwa hadi kwa mnunuzi, linapimwa, na kwenye mzani huo kuna ugomvi wa kila siku ambao hauhitaji daktari. Gunia lisilouzwa jioni linarudi nyumbani na kulala chumbani, kwa sababu nje litaibwa. Nguo za shimoni zinatundikwa kwenye msumari uleule wa nguo za kanisani. Lengalenga na matembele vinapandwa ukingoni mwa maji, maana huko ndiko kuna unyevu.

Mwanafunzi wa tiba akikaa hapo siku chache tu, macho wazi, anaweza kuona mlolongo mzima wa ugonjwa bila kufungua kitabu. Vumbi la mwamba, lile lenye silika, linaharibu mapafu polepole na kumfungulia mlango kifua kikuu. Maji ya kuoshea mawe yanaposhuka yanakutana na ndoo ya mama anayechota ya kupikia. Bukari ya jioni, yaani ugali, inaliwa kwa mkono, na mkono huo umeshinda kwenye jiwe. Mashimo hayana choo, na watu ni wengi.

Haya siyasemi kwa kubahatisha. Wataalamu wa hapa hapa wameyapima. Profesa Célestin Banza, mtaalamu wa sumu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo yao mwaka 2009: mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga ulikuwa na kobalti kwa kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kuandikwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Urani nayo ilikutwa juu. Walichunguza pia njia inayotumiwa na kobalti kuingia mwilini, wakaona kwamba watoto wanaimeza zaidi pamoja na vumbi, na wakubwa wanaipata sana kwenye chakula kilicholimwa mahali pachafu. Mwaka 2018 likatoka jambo la Kasulo, kule Kolwezi, mtaa ambao watu walichimba hadi chini ya vitanda vyao: watoto wa pale walikuwa na dalili kwamba hata vinasaba vyao vinaumia. Na mwaka 2020, jarida la The Lancet Planetary Health likatangaza utafiti uliofanywa kwenye hospitali za Lubumbashi: baba akiwa na kazi inayohusu madini, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kilema ulikuwa mkubwa mara kadhaa kuliko kwa baba asiye na kazi hiyo.

Sikilizeni vizuri neno hilo: baba. Mama anajifungua mtoto mwenye kilema, mtaa mzima unamtazama yeye, wifi ananong'ona, mwingine anataja uchawi. Na hospitalini daktari anamhoji nani? Anamhoji mama. Ulikunywa dawa gani? Uliugua nini ukiwa na mimba? Baba amekaa nje kwenye benchi, mikono yake ina rangi ya kijani ya jiwe, na hakuna aliyemgeukia. Hapo ndipo tiba ya jamii ingeingia chumba cha kuzalia. Somo hili halikai ng'ambo ya pili ya udaktari. Linapaswa kuwa ndani ya kila swali ambalo daktari anauliza.

Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto kama 40,000 walikuwa wakifanya kazi kwenye machimbo ya kusini mwa nchi yetu, Kongo. Hao wote, wasikilizaji, wanaugua mahali fulani. Wanaingia kwenye madaftari ya vituo vya afya kama malaria, kama minyoo, kama bronkiti. Daftari halina safu ya kuandika mungoti.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu wazee wanaonisikiliza wameshaanza kutikisa kichwa. Wanasema: mbona zamani ilikuwapo? Zamani ilikuwapo kweli. Union Minière, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipoamua kuacha kuleta vibarua wa muda mfupi na kuwatuliza wafanyakazi pamoja na wake zao kambini, ilitengeneza tiba ya jamii kali kuliko yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa kinara wa siasa hiyo. Mtoto alizaliwa kwenye materniti ya kampuni, akapimwa uzito kwa tarehe, akapewa uji. Nyumba zilikaguliwa, vyoo vilikaguliwa, mgao wa chakula ulipimwa kwa gramu. Baadaye Gécamines, kampuni iliyoirithi, ikaendelea na mengi ya hayo, na mtu wa Likasi aliyezaliwa kwenye kambi anaweza kukusimulia hospitali ya Daco na mambo yake hadi usiku.

Lakini tusidanganywe na hamu ya zamani. Daktari yule wa kampuni alimjua kila mtoto kwa sababu nyumba, mgao, hospitali na hata saa ya king'ora vilikuwa mali ya kampuni. Mottoulle hakuficha hesabu yake: mtoto aliyekua vizuri kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho. Jamii ilipimwa, ikahesabiwa, ikalishwa, kuulizwa haikuulizwa. Na kampuni ilipodhoofika, tiba yake ya jamii ikadhoofika nayo. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Waliporudi nyumbani na bahasha ya malipo yao, kadi ya hospitali ilikuwa imekwisha. Wangapi kati ya watoto wao walichukua sururu, kila mtaa unajua wake.

Kwa hiyo ninaposema daktari afundishwe Kamatanda, sitaki turudi kwenye mzani wa kampuni. Nataka daktari anayehesabu watu akiwa ameketi nao.

Na nchi hii, hebu nijivune kidogo, haikuwa mwanafunzi wa mwisho darasani katika jambo hili. Miaka ya 1970, kule Kasongo, Maniema, kundi la madaktari pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp lilijaribu namna ya kuunganisha vituo vidogo na hospitali moja ili watu wote wa eneo wahudumiwe, wakiwemo wasiofika. Mwaka 1978 dunia ilikutana Alma-Ata na kutangaza huduma ya afya ya msingi. Hapa kwetu kazi ilikuwa imekwisha kuanza. Katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ikagawanywa katika zoni za afya 306. Leo ni 519, na Likasi peke yake ina tatu: Likasi, Kikula na Panda. Kila zoni ina mganga mkuu wake, ina maeneo ya afya, na kila eneo lina kamati ya wakazi, CODESA, na wale watu wa kujitolea mnaowaita relais, wanaopita nyumba kwa nyumba siku za chanjo.

Sasa tazameni ajabu. Daktari kijana anamaliza chuo. Hajawahi kukaa na CODESA hata mkutano mmoja. Anateuliwa mganga mkuu wa zoni ya mbali, na siku anayoshuka kwenye pikipiki anakabidhiwa watu laki moja na zaidi. Surua ikizuka ni yake, maji ni yake, vifo vya wazazi ni vyake, na ugomvi wa kamati ni wake pia. Chuo kilimfundisha mgonjwa mmoja mmoja. Serikali inamkabidhi umati. Wengine wanajifunzia hapohapo, kwa gharama ya wananchi. Wengine wanajifungia kwenye chumba cha upasuaji, kwa sababu huko ndiko wanakojua la kufanya. Surua ya mwaka 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 7,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo, na surua ni ugonjwa ambao unashindwa nje ya hospitali, kwenye orodha ya watoto wasiochanjwa, kwenye friji ya chanjo na kwenye mazungumzo na mama mwenye wasiwasi. Hakuna mpasuaji anayeweza kuushika.

Kipindupindu pia. Mwanzoni mwa 2008 kilipoingia Lubumbashi na Likasi, watu waliokolewa kwa maji ya mishipa na ya kunywa, usiku na mchana, na waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Lakini kipindupindu hakiondoki wodini. Kinaondoka kisimani. Nani alimfundisha daktari wetu kukisoma kisima?

Majirani zetu wamejaribu, na si vibaya kuchungulia ua wa jirani. Makerere, Uganda, walifungua kituo cha Kasangati, kaskazini ya Kampala, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ili wanafunzi wa tiba wajifunze afya kwenye vijiji vyenyewe. Mbarara, chuo kilichoanza 1989, kilijijenga tangu mwanzo kwa nia ya kuwapeleka wanafunzi kwa wananchi. Na Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kufundisha tiba mwaka 1990, kilianza na mpango wanaouita COBES. Mwanafunzi hangoji mwaka wa mwisho. Anapelekwa mashinani tangu mwanzo, anarudi tena miaka inayofuata, na kila safari ina kazi yake: kwanza kuwajua watu na huduma zao, kisha kutafuta shida kubwa ya jamii ile, kisha kupanga utafiti na kuufanya, na mwisho kukaa na uongozi wa afya na kuona mambo yanavyoendeshwa.

Sitawaambia kwamba kwa majirani ni peponi. Magari yanakosa mafuta huko kama huku. Na kuna ugonjwa mwingine ambao kila mpango wa namna hii unaweza kuupata: watu kuchoka kuhojiwa. Wanafunzi wanakuja kundi baada ya kundi, kila kundi na karatasi zake, wanauliza mna watoto wangapi, mnalala kwenye chandarua, choo kiko wapi. Wanaandika, wanapiga picha, wanakwenda. Mwakani wanakuja wengine na karatasi zilezile. Mama wa nyumba anaanza kujibu lolote ili waondoke. Mimi hapo niko upande wa mama.

Na hapa Kamatanda pangekuwa pagumu zaidi, kwa sababu swali la mwanafunzi linagusa chakula cha jioni. Nawapa mfano wa kubuni, ila mtanipa haki. Mwanafunzi anakuta mama anaosha mawe, mtoto mgongoni. Anamwambia kwa upole:

"Mama, kazi hii ni mbaya kwa mtoto. Afadhali uiache."

Mama hainui hata kichwa. "Ndiyo, Docta mwanangu. Na unga utaleta wewe?"

Mwanafunzi aliyefunzwa ukumbini hapo anakwama. Ataandika kwenye ripoti yake kwamba wananchi hawana uelewa, neno ambalo mimi nalichukia kuliko yote katika ripoti za afya. Mama yule anaelewa kuliko yeye. Ameshapiga hesabu ya kikohozi na hesabu ya njaa, akaona njaa inafika mapema.

Mwanafunzi aliyerudi hapo mara nyingi, aliyekunywa maji ya nyumba ile na kujua jina la mtoto, anaanza mahali pengine. Anauliza: nani anaweza kubaki na mtoto saa za kuosha? Gunia linaweza kulala kibarazani kwa jirani mwenye mlango wa chuma? Mwamba unaweza kumwagiwa maji kidogo kabla ya kupondwa, vumbi lisipande? Nguo za shimoni zinaweza kubaki nje ya chumba cha watoto? Mikono inaweza kunawishwa kabla ya bukari, na kwa maji yepi, ya wakati wa mvua au ya kiangazi, maana si yaleyale? Ni mambo madogo. Hayafuti kobalti. Lakini ni mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya kesho asubuhi na bado akala. Na yale makubwa, ya kampuni, ya wanunuzi, ya sheria ya madini, mwanafunzi huyo atakapokuwa daktari ataweza kuyasema mbele ya wakubwa akiwa na daftari lenye majina ya mitaa na hesabu, badala ya malalamiko ya jumla.

Nasikia maprofesa wakinijibu: wewe wa redioni unasema tu, pesa ziko wapi? Kuwalaza wanafunzi Likasi ni gharama. Nawajibu hivi. Kwanza, Likasi ni mji wenye hospitali, wenye zoni tatu, na barabara ya Lubumbashi mabasi yanapita kila siku. Hatuombi ndege. Pili, gharama ya kumtuma daktari asiyejua zoni kuongoza zoni tunailipa kila mwaka, ila tunailipa kwa watoto, ndiyo maana haionekani kwenye bajeti. Na la tatu nalisema nikiwa nimeshika meza: katika nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, kitivo cha tiba hakiwezi kukosa nauli ya basi kwenda kuwaona wanaoitoa.

Mimi ningependa iwe hivi. Mwanafunzi, mwaka wake wa kwanza, kabla hajaruhusiwa kumgusa mgonjwa, apewe kaya chache Kamatanda, au Kikula, au popote, na kaya hizo ziwe zake hadi amalize. Arudi kwao kila mwaka, masika na kiangazi. Amwone mtoto akizaliwa na akianza shule, au amwone akiacha shule na kushuka shimoni, na aandike ni kwa nini. Akisoma somo la mapafu, arudi kwenye kaya hizo na kusikiliza vifua. Akisoma uzazi, arudi na kuwahoji akina baba. Akisoma sumu, achukue utafiti wa Banza mkononi na kuusoma akiwa amesimama kwenye vumbi lenyewe. Hapo hakutakuwa na haja ya kumshawishi mtu kwamba somo hili ni la maana.

Mwongozaji wake asiwe profesa peke yake. Awe muuguzi mkuu wa kituo cha afya, ambaye anazijua nyumba, na awe relais, yule mama wa kujitolea anayelipwa kwa asante. Hao nao wapewe hadhi ya mwalimu na malipo ya mwalimu, maana wamechoka kuwa wafasiri wa bure. Na sehemu ya alama, wasikilizaji, itolewe na wakazi. Najua wengine wataguna. Mtu asiyesoma atampaje alama mtu wa chuo kikuu? Atampa kwa lile analolijua: alikuja siku aliyosema atakuja? Alisikiliza au alihubiri? Alirudisha majibu?

Hilo la kurudisha majibu ndilo ninalolikazia kuliko yote. Mkojo wa watu wa Katanga umesafiri hadi Ubelgiji, na majibu yameandikwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo hapa hatuyapati. Siwalaumu watafiti, bila wao tungebaki gizani. Lakini mwanafunzi anayekaa mtaani ndiye daraja la kuyarudisha majibu yale kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa CODESA, chini ya mwembe, mbele ya mkuu wa mtaa na wachimbaji wenyewe. Mkazi aliyetoa damu yake na muda wake ana haki ya kujua kilichoonekana ndani yake kabla ya msomaji wa London.

Tena kuna Shinkolobwe hapo jirani, kilomita kama 20. Dunia inaifahamu kwa sababu ya urani yake iliyoingia kwenye mabomu ya 1945. Vitabu vimejaa wanasayansi na majenerali. Baadaye watu wetu walichimba pale kwa mikono hadi serikali ilipofunga machimbo mwaka 2004, na mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua. Vifua vya watu hao, vya wale walio hai hadi leo, ni somo la mwaka mzima kwa kitivo chochote cha tiba. Wako mitaani, wana majina, wana watoto. Wanangoja mtu mwenye daftari na subira.

Basi ninalo ombi kwa pande tatu. Wakuu wa vitivo vya tiba vya Lubumbashi na Likasi: mwaka huu wa masomo, kabla ya kubadilisha programu nzima na kuitisha semina za hoteli, tumeni kundi moja tu la mwaka wa kwanza, wapewe kaya zao, mwone watakavyorudi. Waganga wakuu wa zoni: msiwapokee kama wageni wa siku moja, wapeni kazi ya kweli na muwadai ripoti. Na ninyi wakazi wa Kamatanda, akija kijana na koti jeupe na karatasi, mpeni kiti, mpeni maji, mjibuni ukweli, na kabla hajaondoka mwandikisheni tarehe atakayorudi na majibu. Asiporudi, jina la chuo chake mnalo. Lileteni hapa redioni, tutalisoma hewani.